Bafu la Anansia

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2003, nilimzika mke wangu, Anansia, kihambani kwetu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, Kirua Vunjo, upande wa chini wa nyumba, karibu na dirisha la bafu. Mahali pale alipachagua mwenyewe. Alisema jua la asubuhi linafika pale mapema kuliko kwingine, na kwamba akiwa pale atanisikia nikioga na kuimba vibaya.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wa karakana yetu ya mjini Moshi, walioniomba niwaachie maneno machache kabla sijarudisha spana. Nilitaka kuanza na bomba. Nimejaribu kuanza na bomba, na kila mara kalamu inarudi pale chini ya dirisha. Basi nimeona niliseme hilo kwanza, kisha nifuate miaka jinsi ilivyokuja.

Mimi niliishia darasa la saba. Nililima kahawa ya baba mpaka kahawa ilipoanza kutuchosha, nikashuka mjini kutafuta kazi ya mikono. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilipata kazi kwa Bwana Harbans, Singasinga aliyekuwa na karakana ya bomba nyuma ya duka la vifaa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kilemba cha kijivu na vidole vinene, na hakupenda maneno mengi isipokuwa yakiwa yake.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa suruali ya kanisani, kwa sababu nilidhani kazi ya mjini inafanywa hivyo. Bwana Harbans aliitazama ile suruali. Aliniambia nifumbe macho, akaniwekea koki moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto.

"Ipi nzito?"

"Ya kulia, bwana."

"Fumbua. Ipi inang'aa?"

"Ya kushoto."

"Ya kulia ni koki. Ya kushoto ni bangili. Mpelekee mama yako."

Kisha akanipa mpira wa ndani wa tairi la lori na mkasi, akaniambia nikate washa, zile pete za mpira zinazozuia maji ndani ya koki. Nilikata washa mpaka jioni. Suruali ya kanisani haikurudi kanisani tena.

Vijana, ninyi mmekuta maduka yamejaa. Sisi tulikuta rafu zina vumbi. Mtu akitaka bafu, tulianza kwa kutafuta nyumba inayobomolewa. Tulinunua koki za zamani kutoka mashamba makubwa ya kahawa yaliyoachwa, tukazifungua, tukazisugua kwa majivu, tukasawazisha pale ndani washa inapokaa, tukazifunga tena. Kwenye nyuzi, ile mikato ambapo bomba hukazwa, tulizungushia katani tuliyoichambua wenyewe, tukapaka rangi nyekundu juu yake. Kazi ilikuwa ya polepole na mikono ilinuka. Lakini koki zile zilikuwa za shaba tupu, na baadhi yake ziko kazini hadi leo. Nikipita kwenye nyumba hizo huwa naomba maji ya kunywa hata kama sina kiu.

Bwana Harbans alikuwa na desturi moja ambayo wateja waliichukia. Kazi ikiisha hakuchukua chake akaondoka. Alifungua maji, akatandika kipande cha gazeti kavu chini ya kila kiungo, akafunga mlango wa bafu na kusema atarudi kesho. Mwenye nyumba alinung'unika kwamba anataka kuoga leo.

"Leo oga kwa jirani," alijibu. "Kesho gazeti litaniambia."

Sababu yake niliielewa baadaye. Maji ya kwetu yanatoka juu mlimani na hushuka kwa uzito wake. Mchana watu wote wanachota, nguvu inagawanyika. Usiku kijiji kimelala, hakuna anayefungua bomba, na nguvu yote inakuja kusimama kwenye viungo vyako. Kiungo kinachokaa vizuri saa nane mchana kinaweza kutoa jasho alfajiri. Jicho halioni jasho hilo, kwa sababu limekauka kabla hujaamka. Gazeti hutunza alama yake.

Miaka ya tisini ilipofika, biashara ilifunguliwa na vifaa vikaja kama mvua. Kwanza vilipitia Holili. Mafundi tulikwenda mpakani tukarudi na koki kutoka Kenya, na nyingi zilikuwa nzuri. Kisha vikaja vingine kutoka mbali, vimefungwa kwenye maboksi yenye picha ya mwanamke anaoga anacheka. Niliwahi kumwambia mteja kwamba yule mama anacheka kwa sababu hilo bafu si lake.

Sikuvikataa vyote. Vilivyokuja kwa meli si vibaya vyote, na vya zamani navyo vina magonjwa yao. Nitawaambia tu ninavyochagua. Kwanza uzito, kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Pili, nachukua tupa na kugusa kidogo sana mahali ambapo hapataonekana, ndani ya uzi. Kukitoka rangi ya njano, hiyo ni shaba. Kukitoka kijivu kilichofifia, nakirudisha kwenye boksi na kumshukuru muuzaji. Tatu, nafungua na kufunga mara nyingi palepale dukani, mpaka mwenye duka aanze kukohoa. Koki nzuri ina mzunguko wa taratibu, haikwami wala haichezi. Mwisho naangalia unene wa ukuta pale kwenye uzi, kwa sababu kifaa kibovu hupasuka hapo, na hupasukia ndani ya ukuta wa nyumba ambako hakuna anayekiona. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja kizuri tu, kiweke ndani ya ukuta. Kinachoonekana nje hata kikiwa cha hovyo utakibadilisha siku yoyote.

Kesi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya nyumba ya wageni mjini, iliyolaza watalii wanaopanda mlima. Bafu la ghorofani lilidondosha maji kwenye meza ya chakula. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubadilisha mabomba yote, na maji yakaendelea kudondoka kwenye uji wa wageni. Nilikuta mafundi watatu wameshapita. Mimi nilikuwa nimeshika patasi tayari kuvunja ukuta, Bwana Harbans akanishika mkono.

"Bomba limekukosea nini?"

"Maji yanatoka, bwana."

"Maji yanatoka saa ngapi?"

Tukamuuliza mpishi, kwa sababu mpishi ndiye aliyekuwa akihamisha sufuria. Akasema maji hudondoka jioni tu, wageni wakishuka mlimani na kuoga. Mchana kukavu. Bwana Harbans akasokota kitambaa, akaziba tundu la sakafu la bafu, akamwaga maji mpaka sakafu ikawa bwawa dogo, akatuambia tukae tunywe chai. Chai haikuisha. Maji yakaanza kudondoka mezani. Mabomba yote yalikuwa mazima tangu mwanzo. Sakafu ilikuwa haina mwinamo wa kutosha, na saruji ya katikati ya vigae ilikuwa imeliwa. Bomba linalovuja huvuja wakati wote. Sakafu inayovuja huvuja mtu akioga. Ukishika hilo moja utaokoa kuta nyingi.

Kuna jambo jingine, na hilo ni la kwetu sisi wa mlimani. Watu wetu wanaofanya kazi Dar na kwingine wanajenga nyumba nzuri kihambani, zenye bafu la ndani, na wanazikalia Desemba. Krismasi ikiisha wanafunga milango kwa kufuli mbili, wanafunga geti kwa mnyororo, wanaomba dua ya safari, wanaondoka. Kila kitu wanafunga isipokuwa maji. Nyumba inabaki peke yake na ile nguvu ya usiku, mwezi baada ya mwezi, na hakuna wa kusikia tone la kwanza. Nimezunguka Mwika, Kirua na kwingineko kila Desemba kwa miaka mingi nikiokota magodoro yaliyolowa. Nikiulizwa dawa nilisema hivi: weka valvu nje, kwenye kisanduku cha saruji, ambapo hata jirani anaweza kuifunga. Ukiondoka ifunge, kisha ufungue koki moja ndani ili maji yaliyobaki yatoke. Mwenye nyumba hukubali kwa kichwa. Desemba inayofuata ananiita tena.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Bwana Harbans alizeeka, magoti yakakataa, akaamua kwenda kuishi na binti yake ng'ambo. Karakana akatuachia sisi mafundi. Siku ya kuagana alinipa valvu ya shaba iliyofungwa kwenye kitambaa cha kilemba chake cha zamani. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga.

"Hii si ya mteja," alisema. "Weka kwako. Kwako kuna bafu?"

Nikaanza kuifunga tena kwenye kitambaa.

"Nilijua. Fundi bomba anaoga kwa ndoo."

Alikuwa amesema kweli. Kwa miaka yote hiyo Anansia alikuwa akitoka nje kwenda bafu la mabati, mvua ikinyesha, baridi ya Julai ikiuma. Alipokuwa na nguvu alinitania tu. Lakini nyonga zilipoanza kumsumbua, kila hatua ya nje ikawa safari. Nikaanza kujenga. Nilijenga bafu lile kwa mwaka mzima kwa sababu sikukubali kuweka kitu ambacho sikukipenda. Valvu ya Bwana Harbans niliiweka mlangoni mwa maji. Mabomba niliyafukia chini sana yasifikiwe na jembe la mtu anayepalilia migomba. Sakafu niliiinamisha vizuri, nikaziba tundu, nikaijaza maji, nikakaa kando yake nikisubiri. Nilitandika magazeti.

Anansia alisimama mlangoni akiwa na fimbo yake.

"Baba Upendo, nioge leo?"

"Kesho."

"Fundi gani huyu nimepewa na Ruwa," alisema, akimtaja Mungu kwa lugha ya kwetu. "Wenzangu wanaoga siku hiyohiyo."

Kesho yake magazeti yalikuwa makavu. Aliingia akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu mpaka nikamgongea. Akasema nimwache, yuko mjini. Alilitumia bafu lile hadi wiki ya mwisho ya uhai wake. Katika kazi zangu zote ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha zaidi.

Sasa nafika pale nilipoanzia. Tulimzika Novemba. Kaburi lilikuwa la udongo bado, na msalaba wa mbao, kwa sababu tulitaka udongo ushuke kwanza ndipo tujengee. Desemba mdogo wangu Ombeni alikuja kutoka Dar na familia yake. Ombeni ni mfanyabiashara. Alianza kwa kuvusha vitenge Holili, sasa ana duka Kariakoo. Alikuwa amejenga nyumba yake ndani ya kihamba kilekile, juu ya nyumba yangu, na bafu lilimaliziwa na fundi wa Dar miezi ile ambayo mimi nilikuwa nauguza na sikushika spana. Walikula Krismasi kule juu. Watoto walioga mara tatu kwa siku kwa ajili ya kuona maji ya moto yakitoka ukutani. Januari wakaondoka.

Februari, jua kali, udongo wa kihamba umepasuka, kaburi la Anansia likaanza kuzama. Kwanza nilidhani ni kushuka kwa kawaida, nikaongeza udongo. Baada ya siku chache lilizama tena, upande wa miguuni, na udongo ulikuwa mweusi. Nikachimba kishimo kidogo pembeni. Asubuhi kishimo kilikuwa na maji.

Mama mkwe wangu alifika kutoka Mwika bila kuitwa. Ni mama mzee, mfupi, aliyenyooka kama mti wa kahawa uliokatwa vizuri. Alikuja na mwanawe wa kiume, Eliasi, ambaye ni mzee wa kanisa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akainama, akachukua udongo na kuufinya. Maji yakatoka kati ya vidole.

"Mwanangu analala kwenye maji, Baba Upendo."

"Naona, mae," nilijibu, yaani mama kwa lugha ya kwetu.

Akainua macho, akatazama dirisha la bafu pale juu ya kaburi.

Eliasi ndiye aliyesema. "Shemeji, masika yanakuja. Mvua ikianza kabla maji haya hayajakoma, kaburi lote litaporomoka. Tumeongea na mchungaji. Jumamosi ya wiki ijayo tulifungue, tumhamishie kule juu kwenye migomba, pakavu."

Anayetoka kwetu anajua uzito wa maneno hayo. Kumfungulia mtu udongo baada ya kumuaga ni kumzika mara mbili. Na angehama kutoka mahali alipochagua. Na sababu, watu wote wangesema, ni bafu la mumewe.

Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilikuwa nimefunga maelfu ya viungo vya watu, nikasema labda kimoja changu kimenigeuka, hichohicho nilichomfungia yeye. Eliasi alipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikiwa na spana mkononi, na sikuweza kunyanyuka kwenda kuangalia. Mama mkwe alikuwa amekataa kuingia hata kunawa. Alinawa kwa ndoo, nje.

Kesho yake nikajiambia nifanye kama ni nyumba ya mteja. Nilifunga valvu ya Bwana Harbans, nikamaliza maji ya kwenye bomba, nikaishi kwa ndoo. Nilikichota kile kishimo mpaka kikakauka. Jioni kilikuwa kimejaa. Basi maji hayakutoka kwenye bomba langu la kuingia. Lakini yangeweza kutoka kwenye sakafu au bomba la maji machafu. Nikachukua ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, nikaikoroga kwenye ndoo, nikaimimina kwenye tundu la bafu, nyingi, mpaka bafu la Anansia likawa na rangi ya sare za shule. Nikangoja siku mbili. Maji ya kishimoni yalibaki meupe kama yalivyokuwa. Nikafungua valvu tena, nikatandika magazeti chini ya kila kiungo. Asubuhi niliyaokota moja moja. Yalikuwa makavu yote.

Nilikaa kwenye sakafu ile na magazeti mapajani. Sijui kama nililia. Nilikuwa nimesahau kupumua kwa siku nyingi, na pale nikapumua. Haikuwa kazi yangu iliyomlowesha. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na maji yalikuwa bado yanakuja.

Nikapanda juu na nondo fupi. Hii nayo nilifundishwa: unaweka ncha moja ya nondo kwenye bomba, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, unafunga mdomo. Bomba lililotulia halisemi kitu. Nilipoweka nondo kwenye bomba linaloingia nyumba ya Ombeni, nikasikia kama maharage yanachemka kwenye chungu kilichofunikwa. Nyumba ilikuwa imefungwa, haina mtu tangu Januari.

Valvu ya nje haikuwepo. Ilikuwa ndani, nyuma ya kufuli mbili. Ningeweza kukata bomba, lakini kwetu ukigusa mali ya ndugu kihambani bila yeye kuwepo unaanzisha kesi itakayodumu kuliko shaba. Nikapanda mpaka kwenye mkuyu ambapo simu inashika, nikampigia.

"Ombeni, bafu lako linavuja."

"Haiwezekani, kaka. Bafu langu ni jipya. Vifaa vyote nilichagua mwenyewe, vinang'aa mpaka unajiona meno."

"Ndiyo maana nakupigia."

"Acha utani. Labda ni mvua."

"Februari?"

Kisha akauliza, "Linavujia wapi?"

Nikamwambia. Upande wa pili nilisikia kelele za Kariakoo tu, watu wakipigia debe bei za nguo.

"Kwa shemeji?" akasema. Anansia ndiye aliyempikia alipokuwa anasoma, kwa sababu mama yetu alitangulia mapema. "Kaka, usiguse kitu. Nakuja na funguo."

Alifika Jumatatu jioni, viatu vya mjini vimejaa vumbi, begi begani. Hakuingia kwangu kunywa chai. Tulifungua kufuli, nikafunga valvu ya ndani, yale maharage yakanyamaza. Sakafu ya bafu ilikuwa kavu kabisa, vigae vinang'aa, picha ya samaki ukutani. Nilipitisha kiganja ukutani nikapata mahali penye ubaridi.

"Ni hapa," nilisema. "Tutatoa vigae taratibu, tutajaribu kuvihifadhi."

"Lete nyundo."

"Ngoja nipate patasi."

"Kaka, lete nyundo."

Alivunja mwenyewe. Vigae alivyovisafirisha kutoka Dar kwa mikono yake, akiwa amevipakata kwenye basi. Nyuma yake kulikuwa na elbo, kiungo cha kona, inayong'aa kama kijiko cha harusi, imepasuka kwenye uzi, pale ukuta wake ulipokuwa mwembamba kama ganda la yai. Maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta na kupotelea chini ya msingi, ndiyo maana chumba kilikuwa kikavu.

Kuanzia pale hadi kaburini ni mbali kidogo, na Ombeni aliuliza maji yalijuaje njia. Nikamwonyesha. Babu yetu alikuwa na mfereji wa kumwagilia, mfongo, uliopita katikati ya kihamba. Mabomba yalipokuja akaufukia akapanda migomba juu yake. Nyumba ya Ombeni imesimama juu ya mfongo ule, na kaburi liko kwenye mkia wake. Udongo uliofukiwa hauwi mgumu kama udongo wa asili. Maji yalikuwa yanashuka humo kama zamani, na sisi tulikuwa tumesahau kwamba mfereji upo.

Tukachimba mtaro kukata mfongo ule juu ya kaburi, ili maji yaliyobaki udongoni yaende kwenye majani ya ng'ombe. Tulifanya kazi hiyo Jumanne nzima, yeye akiwa amevaa suruali yangu ya zamani. Jumatano alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, akakata jani la isale, akalifunga fundo kama desturi ya kuomba msamaha inavyotaka, akaenda Mwika kwa mama mkwe. Alirudi jioni.

"Amesema nini?" nilimuuliza.

"Nimempa shikamoo, nimempa isale. Nimeshindwa kusema."

"Na yeye?"

"Amesema nile kwanza. Nimekula mtori bakuli mbili, kaka. Ndipo akasema mwenye kujenga nyumba hakukusudia kumwagia mtu maji. Lakini Jumamosi iko palepale. Anataka kuona."

Kila jioni nilikichota kishimo na kutandika gazeti chini, na jiwe juu yake. Siku za kwanza lilitoka limelowa, linachanika. Ijumaa lilikuwa na unyevu pembeni tu. Nikatandika jingine.

Jumamosi asubuhi walikuja: Eliasi, vijana wa ukoo wenye majembe na kamba, na mama mkwe mbele yao, jani la isale limefungwa kwenye ncha ya kanga yake. Mchungaji alikuwa amesema angekuja akiitwa. Vijana wakasimama pembeni wakitazama chini. Ombeni alisimama nyuma ya migomba kama mtoto aliyevunja chungu.

Mama mkwe alikuja moja kwa moja kishimoni. Alipiga magoti, akaingiza mkono kishimoni, akatoa jiwe, akatoa gazeti. Akalishika kwa vidole viwili. Akalipeleka karibu na sikio na kulikunja polepole, nasi sote tukalisikia likilia, kraa, kama majani makavu ya migomba.

"Eliasi."

"Naam, mae."

"Warudishe vijana na majembe yao. Wapewe chai. Huyu hafunguliwi."

Eliasi akatoa kofia, akafuta paji la uso, akanishika bega, akaenda kuwaambia. Nilisikia mmoja wao akisema "Aika, Ruwa," yaani asante Mungu, kwa sauti ya mtu aliyeondolewa mzigo. Ombeni alitoka kwenye migomba akaja kumsaidia mama mkwe kunyanyuka, na yeye akakubali mkono wake. Viganja vyake vilikuwa na udongo mkavu.

"Ninawe wapi, Baba Upendo?"

"Ndoo iko pale nje, mae. Nitakuletea sabuni."

"Sijaulizia ndoo."

Nikamfungulia mlango. Aliingia bafuni kwa Anansia, akaangalia pembe zote nne, na sakafu, ambayo bado ilikuwa na buluu kidogo kwenye mistari ya vigae. Akafungua koki, akanawa taratibu mpaka udongo wote ukaenda, akafunga. Kisha akasimama akiitazama ile koki, mikono yake ikiwa bado inadondoka maji.

"Haivuji," alisema.

"Haivuji, mae."

Akajifuta kwa kanga, akatoka nje kwenye jua kunywa chai.